Kipimo cha kingamwili kwa saratani: njia inapitia kwa virusi

Kila baada ya muda mfupi hutokea tangazo jipya la kipimo cha damu kinachodaiwa kugundua saratani kabla mtu hajahisi dalili yoyote. Maelezo yake huwa ni yaleyale: mwili una walinzi, walinzi humtambua adui mapema, basi tukiwauliza walinzi tutajua adui amekwisha kuingia. Wengi huyapokea maelezo hayo bila shida kwa sababu wanakijua kipimo cha haraka cha VVU: tone la damu kidoleni, kungoja dakika chache, na majibu ya kuaminika. Kama kingamwili, yaani protini ambazo walinzi wa mwili huzitengeneza dhidi ya adui, zimetueleza habari za VVU kwa usahihi mkubwa namna hiyo, kwa nini zisitueleze habari za saratani ya mapafu, ya matiti au ya kongosho? Swali hilo ni la haki, na wanaolijibu kwa haraka, wawe wauzaji au wapinzani, hulijibu vibaya. Kingamwili hutuambia kwamba mwili umewahi kukutana na kitu fulani. Kwa upande wa virusi, pengo kati ya "umewahi kukutana nacho" na "unacho sasa" tunaliziba kwa kipimo cha pili. Kwa saratani nyingi pengo hilo ni pana mno na hatuna cha kulizibia, kwa kuwa saratani si mgeni aliyeingia mwilini. Ni seli zetu wenyewe zilizoharibika. Ndiyo maana, nikitazama ushahidi uliopo, naona kingamwili zimefanya vizuri zaidi kwenye saratani ambazo nyuma yake kuna kirusi.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kile kifaa kidogo cha plastiki. Tone la damu huwekwa kwenye kishimo, kisha huongezwa matone machache ya kimiminika maalumu. Unyevu hutambaa polepole kwenye utepe mweupe, ukizoa njiani chembe ndogo sana za dhahabu zilizovishwa protini. Ukifika penye herufi T, hukuta mstari usioonekana kwa macho, uliochorwa kwa protini za kirusi. Damu ikiwa na kingamwili dhidi ya kirusi hicho, hunasa hapo pamoja na zile chembe, na mstari mwekundu wa kuelekea zambarau huibuka. Mbele kidogo, penye herufi C, mstari mwingine hutokea vyovyote vile, ili kuthibitisha kwamba unyevu umefika na kifaa kimefanya kazi. Katika safari yote hiyo, kirusi chenyewe hakikutafutwa wala hakikuonekana. Kilichosomwa ni jinsi mwili ulivyokijibu.

Sasa chukua kipimo cha haraka cha Covid-19 kilichotumia ute wa puani. Kwa macho ni kifaa kilekile, utepe uleule na herufi zilezile, ila kazi imegeuzwa. Hapo kingamwili zilitengenezwa maabara na kuchorwa kwenye utepe, na kilichonaswa ni protini ya kirusi, yaani antijeni. Uwezo huo wa kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi ulitokana na kazi ya Georges Köhler na César Milstein mwaka 1975, iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Vipimo vya PSA kwa tezi dume, CA-125 kwa ovari na AFP kwa ini ni vya ukoo huohuo: kingamwili ni ndoana tu, na kinachovuliwa ni protini iliyomo kwenye damu. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba kipimo "kinatumia kingamwili", hatujaambiwa jambo la maana bado. Je, kingamwili za mgonjwa ndizo zinazotafutwa, au kingamwili za maabara ndizo zinazotafuta? La kwanza husoma kumbukumbu ya mwili, la pili hutazama kilichopo leo. Matangazo mengi huyachanganya mawili haya, na sifa ya moja hukopeshwa jingine.

Kumbukumbu ina tabia zake, na kila anayefanya kazi ya kupima VVU anazijua. Kwanza, huchelewa kuandikwa. Kipimo cha haraka cha kingamwili za VVU huweza kuhitaji siku 23 hadi 90 tangu maambukizi ili kionyeshe chanya. Hicho ndicho kipindi cha dirisha, na ndani yake mtu huweza kuambukiza huku karatasi yake ikisema hasi. Vipimo vya maabara vya kizazi cha nne vilifupisha dirisha hilo kwa kuongeza utafutaji wa antijeni ya kirusi iitwayo p24 sambamba na kingamwili. Pili, kumbukumbu hurithiwa kwa muda. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hubeba kingamwili za mama, pengine hadi miezi 18, hata kama hajaambukizwa, na ndiyo sababu watoto wachanga hupimwa kwa kutafuta vinasaba vya kirusi. Tatu, kumbukumbu hubaki baada ya jambo lenyewe kuisha.

Hilo la tatu ndilo linaloumiza watu kimyakimya. Homa ya ini aina ya C ni mfano ulio wazi: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, takriban 30% ya walioambukizwa hukiondoa kirusi wenyewe bila tiba, na dawa za sasa huponya zaidi ya 95% ya wanaozitumia. Lakini kingamwili hubaki miaka mingi, mara nyingi maisha yote. Ndugu yangu mmoja alitibiwa akapona kabisa. Miaka kadhaa baadaye alipimwa kwa shughuli nyingine, akakabidhiwa karatasi yenye neno moja, "chanya", na mtu aliyemkabidhi hakumweleza zaidi. Wiki nzima alikuwa akitenga kikombe chake na sahani yake, akiwakwepa wajukuu. Kipimo hakikukosea. Kilisema kweli kwamba mwili wake uliwahi kukutana na kirusi hicho, ila karatasi haikusema hivyo, na kipimo cha pili cha kutafuta kirusi chenyewe, ambacho kingemaliza maneno, hakikufuata mpaka yeye mwenyewe alipokidai. Nimeeleza kisa hiki kwa sababu ni kosa la usomaji, na makosa ya usomaji ndiyo yatakayoongezeka vipimo hivi vikihamia kwenye saratani.

Ukitaka kuona usomaji mzuri ulivyo, tazama homa ya ini aina ya B. Daktari hasomi mstari mmoja. Antijeni ya gamba la kirusi, HBsAg, humwambia kwamba maambukizi yapo sasa. Kingamwili dhidi ya antijeni hiyo humwambia kwamba mtu ana kinga. Kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi humwambia kwamba mtu aliwahi kuambukizwa, na kwa kuwa chanjo haina sehemu hiyo ya kiini, aliyechanjwa tu hatakuwa nazo. Majibu matatu yakikaa pamoja hutoa hadithi kamili: mgonjwa, aliyepona, aliyechanjwa, au ambaye hajawahi kuguswa. Kingamwili hapo zina nguvu kubwa kwa sababu tunajua ni dhidi ya sehemu ipi ya kirusi, na kwa sababu tunaweza kuzilinganisha na kirusi chenyewe.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila anayekwenda kupima aifahamu. Chukua kipimo kizuri, kinachokamata wagonjwa 99 kati ya 100 na kuwapa wazima 99 kati ya 100 jibu la hasi. Kipeleke mahali ambapo watu 200 kati ya 1,000 wameambukizwa: kitaonyesha chanya za kweli 198 na za uongo 8, na mtu akiambiwa ni chanya ana sababu ya kuamini. Kipeleke kipimo hichohicho mahali ambapo walioambukizwa ni 10 kati ya 1,000: chanya za kweli zitakuwa kama 10, na za uongo kama 10 vilevile. Kipimo hakijabadilika hata kidogo, lakini neno "chanya" limepungua uzito hadi nusu kwa nusu. Ndiyo sababu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zitumie vipimo vitatu mfululizo vyenye majibu ya chanya kabla ya kumwambia mtu ana VVU, kwa vile matibabu na upimaji vilikuwa vimepunguza idadi ya wasiojua hali zao. Mafanikio ya mapambano yenyewe ndiyo yaliyolazimisha uangalifu zaidi. Saratani nyingi, ukizitafuta moja moja kwa watu wasio na dalili, ni nadra kuliko hata 10 kati ya 1,000.

Hapo ndipo tunapofika kwenye tatizo la saratani. Wanaotetea vipimo vya kingamwili kwa saratani wana hoja moja nzito, na lazima nikiri kwamba inanivutia. Uvimbe mdogo humwaga protini kidogo sana kwenye damu, kiasi ambacho ndoana zetu huenda zisikinase. Mfumo wa kinga, kwa upande wake, ukishtuka huzalisha kingamwili kwa wingi na huendelea kuzizalisha. Ni kama mtu anayenong'ona sikioni mwa mwingine mwenye kipaza sauti. Na jambo hili si la kufikirika. Tangu mwaka 1982 watafiti wameripoti kingamwili dhidi ya protini ya p53 kwenye damu ya wagonjwa wa saratani ya matiti, na baadaye kwa wagonjwa wa saratani nyingine nyingi. Ongeza kwamba damu ni rahisi kutoa, na utepe wa kipimo hauhitaji mashine kubwa. Kwa mahali pasipo na vifaa vya picha, hoja hiyo ina uzito wa kibinadamu, si wa kibiashara tu.

Lakini mfumo wa kinga umefunzwa tangu awali kutoshambulia vya kwake, na seli ya saratani ni ya kwake kwa karibu kila kitu. Kwa hiyo wagonjwa wengi hawatengenezi kabisa kingamwili hizo, ilhali baadhi ya watu wasio na saratani, hasa wenye maradhi ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, huwa nazo. Jaribio kubwa la Scotland lilionyesha pande zote mbili za jambo hili. Watu 12,208 walio katika hatari ya saratani ya mapafu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipimwa damu kwa kutafuta kingamwili saba, na waliokuwa chanya, karibu mmoja kati ya kila kumi, walipelekwa CT skan. Baada ya miaka miwili, saratani zilizogunduliwa zikiwa zimekwisha kusambaa au kukomaa zilikuwa 58.9% katika kundi lililopimwa, na 73.2% katika kundi lisilopimwa. Hiyo ni faida halisi na siidharau. Ila katika kundi lililopimwa, kipimo kilikuwa kimekamata takriban theluthi moja tu ya saratani zilizotokea. Theluthi mbili ya wagonjwa waliondoka na karatasi yenye neno "hasi". Mvutaji sigara aliyepewa karatasi hiyo ataiona kama ruhusa, hata daktari akimwambia nini.

Linganisha na saratani zenye kirusi nyuma yake. Mwaka 1964, mjini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kirusi kipya kwa hadubini ya elektroni katika seli za uvimbe wa watoto wa Uganda, uvimbe ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa ameueleza akiwa huko. Kirusi hicho, Epstein-Barr, kimo ndani ya zaidi ya 90% ya watu wazima duniani. Ukipima tu kama mtu ana kingamwili dhidi yake, karibu kila mtu ni chanya na hujajifunza lolote. Lakini kirusi kinapoamka kwenye utando wa nyuma ya pua na kuanza kuhusika na saratani ya hapo, mwili hutoa kingamwili za aina nyingine, zikiwemo IgA, dhidi ya protini fulani fulani. Kusini mwa China, ambako saratani hiyo ni ya kawaida kuliko karibu kila sehemu ya dunia, wamejenga upimaji juu ya tofauti hiyo. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya watu 24,852 wa Zhongshan waliopimwa kingamwili dhidi ya protini ya kirusi iitwayo BNLF2b. Saratani zilikuwa 47. Kipimo kilikamata 97.9% ya hizo, na kiliwapa 98.3% ya wazima jibu la hasi.

Habari kama hiyo huandikwa kwa kichwa cha "kipimo chenye usahihi wa asilimia 98", na hapo ndipo inapopotoshwa, kwa sababu namba muhimu zaidi kwa mtu aliyeshika majibu yake ilikuwa nyingine: kati ya kila watu 10 waliokuwa chanya, mmoja tu ndiye aliyekuwa na saratani. Na hayo ni mafanikio! Kwa njia ya zamani ya kingamwili mbili, waliokuwa na saratani kati ya walioonekana chanya walikuwa 4.3% tu. Hapa kuna kirusi kinachojulikana, eneo lenye ugonjwa mwingi, kingamwili iliyochaguliwa kwa makini, na bado watu tisa kati ya kumi wanaoitwa ni wazima. Sasa fikiria kipimo cha saratani kumi kwa mkupuo, kwa watu wa hatari ya kawaida, bila kirusi chochote cha kukishika.

Mfano wa pili ni HPV aina ya 16, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi na ya koromeo. Kingamwili dhidi ya gamba la kirusi hiki humaanisha tu kwamba mtu alikutana nacho, au alichanjwa, na wanawake wengi walioambukizwa hawazitengenezi kabisa. Ndiyo maana saratani ya mlango wa kizazi hutafutwa kwa vinasaba vya HPV kutoka kwenye mlango wenyewe. Protini ya E6 ni jambo tofauti, kwa kuwa ndiyo inayoisukuma seli kuelekea saratani. Katika utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2013, kingamwili dhidi ya E6 zilikuwamo kwenye damu iliyohifadhiwa ya 34.8% ya watu ambao baadaye walipata saratani ya koromeo, na kwa 0.6% tu ya wasioipata. Kwa baadhi yao, damu hiyo ilitolewa zaidi ya miaka kumi kabla ya ugonjwa kugunduliwa. Na kwa saratani adimu ya ngozi ya Merkel, ambayo kirusi chake kilitambuliwa mwaka 2008, kiwango cha kingamwili dhidi ya protini ya kirusi hushuka baada ya tiba na hupanda uvimbe unaporudi, jambo linalowasaidia madaktari kufuatilia wagonjwa walewale ambao tayari wanajulikana. Hayo ya mwisho ndiyo matumizi ninayoyaona kuwa salama zaidi: mtu mmoja, damu yake leo dhidi ya damu yake miezi mitatu iliyopita.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ndiyo inayosikika zaidi: kwamba kupima hakuna madhara, ni tone la damu tu, na afadhali kujua kuliko kutojua. Madhara hayako kwenye sindano. Yako kwenye kinachofuata, yaani skani, kinyama kinachokatwa kupelekwa maabara, upasuaji wa pengine, na usiku wa kutolala. Wala kugundua mapema si sawa na kuokoa. Uingereza ilifuatilia zaidi ya wanawake 200,000 katika jaribio la kutafuta saratani ya ovari kwa CA-125 na picha za mawimbi ya sauti. Kundi lililopimwa CA-125 kila mwaka lilipata saratani nyingi zaidi zikiwa hatua za mwanzo, na kila mtu alitarajia vifo vipungue. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha havikupungua. Wanawake wengine walifanyiwa upasuaji bila kuwa na saratani. Anayesema "ni tone la damu tu" anapaswa kuwatazama wanawake hao.

Upande wa pili nao una hoja yake dhaifu, kwamba Covid-19 ilithibitisha vipimo vya kingamwili havina maana. Kilichoshindwa mwaka 2020 ni wazo la kuvifanya cheti cha kinga, wazo ambalo Shirika la Afya Duniani lilionya dhidi yake mwezi Aprili mwaka huohuo. Kwa kujua ni watu wangapi katika jamii wamepitiwa na kirusi, vipimo hivyo vilikuwa chombo bora, kwa sababu hapo kumbukumbu ndiyo iliyohitajika.

Takriban 13% ya saratani duniani, kesi milioni 2.2 kwa makadirio ya mwaka 2018, zinatokana na maambukizi, na si yote ni ya virusi. Hilo ndilo eneo ambalo ningependa fedha za utafiti wa kingamwili zielekezwe kwanza, hasa kwa virusi ambavyo tunajua ni protini ipi inayobadilika seli inapoharibika. Maabara nazo ziache kutoa neno "chanya" likiwa peke yake. Karatasi ieleze kilichotafutwa ni kirusi au kingamwili, na kipimo gani kinafuata. Lakini swali linalonisumbua zaidi linahusu yule mtu mwenye kingamwili za E6 leo, ambaye huenda saratani yake itatokea baada ya miaka kumi, au isitokee kamwe. Kooni hatuna kidonda cha awali cha kuondoa, kama tunavyofanya kwenye mlango wa kizazi. Seli hizo hujificha ndani ya mikunjo ya tonsili. Tutamwita kila mwaka? Tutamwambia nini kila anapokuja na hatuoni kitu? Mpango wowote wa kuwapima watu wazima kingamwili hizo unapaswa kuwa na majibu ya maswali hayo kabla ya mtu wa kwanza kutoa damu.